Ripoti ya SACCOS inachukua sekunde 38: kosa ni la ORM au ni langu?

Fundi Nyakato (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Niko Mwanza, mambo ya programu nimejifunzia nyumbani, chuoni sikusomea kompyuta. Mwaka juzi SACCOS moja ya wafanyabiashara wa sokoni walinipa kazi ya kuwatengenezea mfumo: wanachama, mikopo, marejesho, basi. Nikaujenga kwa Django (kiunzi cha Python), kanzidata ni PostgreSQL. Wakafurahi, wakanilipa (nusu, ila hiyo ina uzi wake siku nyingine).

Picha limeanza mwezi uliopita. Kuna ukurasa wa ripoti ya kufunga mwezi: jina la mwanachama, tawi lake, jumla aliyorejesha. Walipokuwa wachache ulikuwa unafunguka kabla hujapepesa jicho. Sasa wamefika 1,840 na ripoti inachukua sekunde 38, nimepima kwa saa ya simu. Mhasibu akishabofya anaenda zake kunywa chai. Juzi alibofya mara tatu kwa hasira, mfumo wote ukaganda, foleni ya walioleta marejesho ikafika hadi nje, na mwenyekiti akanipigia simu kwa ile sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko matusi.

Nimepekua huku na kule, wengi wanasema ORM ni nzito, achana nayo, andika SQL (lugha ya kuiuliza kanzidata) mwenyewe. Kabla sijabomoa nyumba nzima naomba mawazo yenu. Naomba kuwasilisha.

---

Ngoja Waje

Ngoja wajuvi waje. Nimevuta kiti.

---

Mzee wa SELECT

Nilishasema humu mpaka nikachoka. Kijana, umeajiri mkalimani wa lugha ambayo ungejifunza kwa wiki mbili, sasa unalalamika kwamba mkalimani anachelewa. SQL ina umri kuliko wewe na itakuzika. Toa hiyo ORM, andika SELECT yako, ulale.

---

Chipukizi wa Kibaha

Shikamoo Mzee wa SELECT. Samahani wakuu, naomba kuuliza swali la kijinga, ORM ndiyo nini hasa? Naiona kila mahali kwenye matangazo ya kazi.

---

Bi Faharasa

Si la kijinga, Chipukizi. Kwenye kanzidata vitu vinakaa kwenye majedwali, mistari na safu, kama daftari la madeni la dukani. Kwenye Python, PHP au Java unafanya kazi na objekti. ORM inakaa katikati. Jedwali linakuwa modeli, mstari mmoja unakuwa objekti moja, safu inakuwa sifa ya hiyo objekti. Wewe unaandika `mwanachama.jina`, yenyewe inakwenda kuandika SELECT na kukuletea jibu. Django anayo yake, Laravel ana Eloquent, Java wana Hibernate tangu 2001, na Python ukiwa nje ya Django utakutana na SQLAlchemy.

Fundi Nyakato, weka msimbo wa hiyo ripoti. Mgonjwa hatibiwi kwa kusimuliwa. Na uniambie mikopo iko mingapi kwenye jedwali.

---

Fundi Nyakato

Huu hapa, dada:

```
wanachama = Mwanachama.objects.all()

for m in wanachama:
    jumla = 0
    for mkopo in m.mikopo.all():
        for r in mkopo.marejesho.all():
            jumla += r.kiasi
    safu.append((m.jina, m.tawi.jina, jumla))
```

Mikopo ni 2,611.

---

Bi Faharasa

Nilijua. Hebu tuhesabu kweri zinazokwenda kwenye kanzidata, kalamu mkononi:

Ya kwanza inaleta wanachama wote. Hiyo ni 1.
Kila ukigusa `m.mikopo.all()` ni kweri moja, na wanachama ni 1,840.
Kila ukigusa `m.tawi.jina`, nyingine. 1,840 tena. Haijalishi kwamba matawi yapo manne tu, inakwenda kuuliza upya kwa kila mtu.
Kila mkopo ukiitisha marejesho yake, nyingine. 2,611.

Jumla 6,292. Kwa ukurasa mmoja.

Weka Django Debug Toolbar, inayoorodhesha kila kweri, kwenye mashine yako, pakia nakala ya data halisi, ufungue ripoti. Uje uniambie imeandika ngapi.

---

Msukuma Mwenzio

Samahani dada, hizo "kweri" ni maswali ya kanzidata au ni kweli ya kwetu Kanda ya Ziwa?

---

Bi Faharasa

Ni maswali. Ila na zile za kwenu nazipokea.

---

Fundi Nyakato

Nimeweka. Umekosea mbili dada. Imeandika 6,294.

Nimeishiwa nguvu. Nimekaa naangalia orodha inashuka, SELECT ya tawi la kati, SELECT ya tawi la kati, SELECT ya tawi la kati, ile ile, ile ile. Kumbe nilipokuwa najaribu nyumbani nilikuwa na wanachama kumi wa kubuni na mikopo 12. Nimepiga hesabu kwa njia yako: kweri 33. Ningeonaje?

---

Bi Faharasa

Hizo mbili ni za seshoni yako na akaunti uliyoingia nayo. Django huzipiga kabla hata ya kufika kwenye ripoti.

Sasa gawanya: sekunde 38 kwa kweri 6,294 ni kama milisekunde 6 kwa kila moja. Milisekunde 6 ni mwendo mzuri tu! PostgreSQL hajakukosea, seva haijakukosea, na hata ORM imefanya ulichoiambia. Ni sawa na mtu kwenda Kirumba kununua kilo ya dagaa, ananunua dagaa mmoja, anapanda daladala anampeleka nyumbani, anarudi kwa wa pili. Kila safari ni fupi. Nauli ndiyo inayokuua.

Ugonjwa huu unaitwa N+1: kweri moja ya orodha, halafu N nyingine, moja kwa kila aliyemo kwenye orodha. Wako umezaa hadi wajukuu kwa sababu una lupu ndani ya lupu.

Ubaya wake ni kwamba hauonekani kwenye msimbo. `m.jina` na `m.tawi.jina` zinafanana machoni. Ya kwanza inasoma kitu kilichoshafika kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ya pili inatuma mjumbe nje. Hiyo nukta ya pili ndiyo safari ya Kirumba. Mtu anayeandika SQL kwa mkono angeiona safari hiyo kwa sababu angelazimika kuiandika.

Badilisha hivi:

```
wanachama = (Mwanachama.objects
    .select_related("tawi")
    .annotate(jumla=Sum("mikopo__marejesho__kiasi")))

for m in wanachama:
    safu.append((m.jina, m.tawi.jina, m.jumla))
```

`select_related` inaunganisha jedwali la matawi kwa JOIN, kila mwanachama anakuja na tawi lake. `annotate` inaiachia kanzidata ijumlishe yenyewe badala ya wewe kubeba marejesho yote hadi Python ndipo uyahesabu. Kama siku moja utahitaji mikopo yenyewe, yaani si jumla bali orodha, hapo tumia `prefetch_related("mikopo__marejesho")`: itapiga kweri moja kwa kila jedwali kisha iwagawie wenyewe.

---

Fundi Nyakato

Milisekunde 90. Nimejaribu mara tano nikidhani inasoma kitu cha zamani. Milisekunde 90!

---

Mzee wa SELECT

Na hiyo iliyoandikwa hapo juu ni SQL iliyovaa baibui. `annotate` na `Sum` ni GROUP BY, kupanga mistari kwa makundi na kujumlisha kila kundi. Sasa kama mtu lazima ajue JOIN na GROUP BY ndiyo aitumie ORM vizuri, kwa nini asiandike tu? Mwaka 2006 Ted Neward aliiita ORM Vietnam ya sayansi ya kompyuta: kuingia rahisi, unasonga mbele kwa furaha, kutoka ndiyo shughuli. Na huyu kijana ndiyo kwanza ameingia.

---

Bi Faharasa

Mzee, kwenye kujua SQL tuko pamoja, mimi ndiyo kazi inayonilisha. Ila nimerithi mifumo ya watu wa "SQL tupu" miaka kadhaa sasa, na lupu yenye SELECT ndani yake nimeikuta humo humo. N+1 haikuletwa na ORM, ORM imeifanya iwe rahisi kufichika tu.

Na nikupe kisa kimoja. Ofisi moja nilikuta wameunga SQL kwa kubandika maneno, hivi:

```
"... WHERE jina = '" + jina + "'"
```

Mfumo ulifanya kazi vizuri mpaka akaja kusajiliwa bwana mmoja wa ukoo wa Ng'wandu. Ile alama ya juu kwenye Ng' ikasomeka kama alama ya kufunga nukuu katikati ya jina, SQL ikapasuka. Unajua walifanya nini? Wakabandika karatasi pale dirishani: majina yaandikwe bila alama. Kwa hiyo Ng'wandu akawa Ngwandu, Nyang'wale ikawa Nyangwale, na bwana alipokwenda kuchukua fedha kwa kitambulisho jina likawa halilingani. Na hapo hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Angekuja mwenye nia mbaya angeingiza amri yake kwenye hicho hicho kisanduku cha jina.

ORM hutenganisha SQL na thamani kila mara bila wewe kukumbuka. Ndiyo, hata ukiandika kwa mkono unaweza kupitisha thamani pembeni. Unaweza. Wangapi wanafanya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa?

---

Mzee wa SELECT

Hapo kwenye Ng'wandu umenipiga mahali. Niliwahi kuandika hiyo karatasi ya dirishani. Si hiyo yako, nyingine. Tuendelee.

---

Mkenya wa Thika Road

Wadau, hujambo kutoka Nairobi. Mimi natumia Laravel kwa SACCO moja huku, na maradhi ni hayo hayo. Eloquent unaandika `Mwanachama::with('tawi')->get()` na shida inaisha. Lakini kitu kimetusaidia zaidi ni hiki, tumeweka kwenye AppServiceProvider:

```
Model::preventLazyLoading(! app()->isProduction());
```

Ukigusa uhusiano ambao hukuuitisha mapema, programu inakataa hapo hapo kwenye mashine yako, inatupa hitilafu. Kwa wateja haikatai, isije ikawaharibia kazi. Vijana wangu waliichukia wiki ya kwanza. Sasa hakuna anayetaka itolewe.

Swali langu: tumehama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, na ukurasa wa marejesho umekuwa mzito ghafla. Kweri ni mbili tu, nimehakikisha. Jedwali lina mistari kama 400,000. Shida nini?

---

Bi Faharasa

Mkenya, karibu. Nakisia huna faharasa kwenye safu ya `mkopo_id`. MySQL kwa majedwali ya InnoDB hutengeneza faharasa yenyewe kila unapoweka ufunguo wa kigeni. PostgreSQL haitengenezi, inakuachia wewe. Django huiweka kwa niaba yako, ndiyo maana Fundi Nyakato hakuumia upande huo. Migresheni za Laravel (faili za kubadili majedwali) haziiweki usipoandika `->index()`.

Bila faharasa, kutafuta marejesho ya mkopo mmoja ni kusoma mistari yote 400,000, kama kutafuta jina kwenye kitabu kwa kuanzia ukurasa wa kwanza. Piga EXPLAIN ANALYZE kwenye hiyo kweri, kanzidata ikuonyeshe inavyoitekeleza. Ukiona "Seq Scan", yaani inasoma jedwali zima, kwenye marejesho, jibu unalo. Ukiwa unaiongeza kwenye kanzidata inayofanya kazi tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, la sivyo hakuna atakayeweza kuandika rejesho hadi imalize.

---

Mkenya wa Thika Road

Seq Scan iko pale inaniangalia. Asante sana dada. Nimeweka faharasa, ukurasa umerudi kama zamani.

---

Fundi Nyakato

Wakuu nimerudi, na safari hii naogopa.

Mwenyekiti alivyoona ripoti ina kasi akasema basi ongeza na safu ya jumla ya mikopo, tuone kakopa ngapi karejesha ngapi. Nikajiona fundi, nikaongeza mstari mmoja tu:

```
.annotate(
    mikopo_jumla=Sum("mikopo__kiasi"),
    jumla=Sum("mikopo__marejesho__kiasi"))
```

Ikaenda. Kasi ile ile. Mhasibu akachapisha. Kisha mama mmoja muuza dagaa akaja kuangalia hesabu yake: kakopa 500,000 mara moja tu maisha yake yote, karejesha mara nne. Ripoti inamwambia amekopa 2,000,000. Mama kaishiwa pumzi pale dirishani, ikabidi apewe kiti na maji.

Safu ya marejesho yake iko sawa. Ya mikopo ndiyo imevimba.

---

Ngoja Waje

Kesi ya kiti na maji si kesi ndogo.

---

Chipukizi wa Kibaha

Nimeona mahali wanasema weka `distinct=True` ndani ya Sum. Nimejaribu kwenye data yangu ikawa sawa.

---

Bi Faharasa

Chipukizi, hapana, usiiguse hiyo! Nitaeleza.

Mkopo mmoja wa 500,000 ukiunganishwa na marejesho manne, JOIN inatoa mistari minne, na kila mstari una 500,000 yake. Kanzidata ikijumlisha safu ya mkopo inapata 500,000 mara nne. Haijakosea hesabu, imejumlisha ilichopewa. Asiyerejesha hata mara moja au aliyerejesha mara moja tu anaonekana sawa, kwa hiyo ukikagua wanachama wapya pekee huwezi kugundua.

`distinct=True` inasema jumlisha kiasi kinachofanana mara moja tu. Kwa mama wa dagaa itatoa 500,000, utafurahi. Sasa chukua mwanachama aliyekopa 300,000 mwaka jana na 300,000 mwaka huu. Atasomeka kakopa 300,000. Umehama kutoka kuwaonea wanachama kwenda kuiibia SACCOS, na kosa la pili halitaletwa dirishani na mtu yeyote.

Dawa ni kila jumla ihesabiwe peke yake, mbali na mwenzake:

```
mikopo = (Mkopo.objects
    .filter(mwanachama=OuterRef("pk"))
    .order_by().values("mwanachama")
    .annotate(j=Sum("kiasi")).values("j"))

marejesho = (Rejesho.objects
    .filter(mkopo__mwanachama=OuterRef("pk"))
    .order_by().values("mkopo__mwanachama")
    .annotate(j=Sum("kiasi")).values("j"))

Mwanachama.objects.select_related("tawi").annotate(
    mikopo_jumla=Subquery(mikopo),
    jumla=Subquery(marejesho))
```

Bado ni kweri moja kwa kanzidata. Asiyekopa atarudi na None, mfunike kwa Coalesce asomeke sifuri.

Nakiri si nzuri kuitazama. Hapa ndipo namwelewa Mzee wa SELECT. Kweri ya namna hii mimi huanza kuiandika kwa SQL kwanza kwenye psql, nikiridhika na majibu ndipo naitafsiri. Na kuna ripoti tatu nne ambazo sizitafsiri kabisa, nazitengenezea VIEW (kweri iliyohifadhiwa, inasomeka kama jedwali) kwenye kanzidata kisha naweka modeli yenye `managed = False` juu yake.

---

Mzee wa SELECT

Nimesoma aya ya mwisho mara mbili kwa raha.

---

Fundi Nyakato

Mama wa dagaa amerudi kwenye 500,000 yake. Nimempigia mwenyewe. Kaniuliza kama ile milioni moja na nusu nyingine inaweza kuja kwake kama mkopo kweli.

Wakati nahangaika na hilo nimekuta jingine, naona niliseme tu. `kiasi` niliweka FloatField.

---

Bi Faharasa

Ee Mola. Shilingi nzima nzima hazitakusumbua, ila riba ikianza kugawanyika ndiyo utaona 0.30000000000000004 mahali pa 0.3. Hamia DecimalField, inayotunza desimali kamili bila kukadiria. Migresheni hiyo itaandika upya jedwali zima na kulifunga wakati inaandika, kwa hiyo iendeshe usiku, na nakala ya akiba iwepo kabla. Ijaribu kwanza kwenye nakala. Usinijibu "sawa" halafu usiifanye.

Na kabla hujalala, nionyeshe unavyoongeza salio la akiba.

---

Fundi Nyakato

```
akaunti = Akaunti.objects.get(namba=namba)
akaunti.salio = akaunti.salio + kiasi
akaunti.save()
```

Kuna tatizo?

---

Bi Faharasa

Mwanachama ana 50,000. Karani anapokea 20,000 taslimu, na sekunde hiyo hiyo mtoto wake ametuma 15,000 kwa simu. Maombi mawili yanasoma salio kwa pamoja, yote yanaona 50,000. La kwanza linaandika 70,000. La pili, ambalo halijui lolote kuhusu la kwanza, linaandika 65,000. Inapaswa kuwa 85,000. Elfu ishirini zimeyeyuka na hakuna hitilafu hata moja kwenye kumbukumbu za seva.

Mzee wa SELECT, hili nakuachia.

---

Mzee wa SELECT

`UPDATE akaunti SET salio = salio + 20000 WHERE namba = ...` Kanzidata yenyewe ndiyo inajumlisha, haikuulizi ulisoma nini dakika iliyopita. Tumefanya hivyo tangu enzi za skrini za kijani.

---

Bi Faharasa

Na kwa Django hiyo hiyo inaandikwa:

```
Akaunti.objects.filter(namba=namba).update(
    salio=F("salio") + kiasi)
```

`F` maana yake usiniletee thamani, tumia iliyoko huko huko. Angalizo: `update()` haipiti kwenye `save()`, kwa hiyo kama una kitu ulichoning'iniza kwenye `save()` au tarehe za `auto_now`, hazitaguswa.

Kwa kutoa fedha, ambako lazima uangalie kwanza kama salio linatosha, F peke yake haitoshi. Fungua muamala kwa `transaction.atomic()`, soma akaunti kwa `select_for_update()`, angalia salio, punguza, funga. Mwingine akija wakati huo anasubiri mlangoni. Hiyo ijaribu kwenye PostgreSQL, maana kwenye SQLite `select_for_update` haina athari yoyote na majaribio yako yatakudanganya.

La mwisho kwenye fedha za simu: taarifa ya malipo inaweza kuletwa mara mbili. Namba ya muamala iwekee `unique=True`. Usitegemee "nimeangalia haipo ndipo nikaandika", wawili wanaweza kuangalia kwa pamoja. Kanzidata ndiyo ikatae.

---

Mwinyi wa Unguja

Mada nzuri, nachomekea kidogo. Angalieni na saa. Mradi mpya wa Django huja na `TIME_ZONE = "UTC"`, saa tatu nyuma ya yetu. Usipoweka "Africa/Dar_es_Salaam", malipo ya saa saba usiku ripoti inayahesabu ya jana, kwa sababu kwa UTC ni saa nne usiku. Mpaka saa tisa usiku mambo yanakwenda hivyo. Sisi huku hatukubabaika sana, maana kwa wazee siku inaanza magharibi, lakini mkaguzi hakukubali hoja hiyo.

---

Fundi Nyakato

Wakuu, mrejesho.

FloatField imekwisha, nimeiendesha Jumamosi usiku baada ya kujaribu kwenye nakala (mara mbili, dada). Salio linatumia F. Namba za muamala zimefungwa, na katika kuzifunga nimekuta tatu zilizokuwa zimeingia mara mbili, mhasibu anazishughulikia. Kwenye majaribio ya ripoti nimeweka `assertNumQueries(1)`, nikisahau siku moja nikagusa tawi ndani ya lupu, majaribio yatanikatalia kabla mhasibu hajaenda chai.

Mwenyekiti hajaridhika. Anasema ripoti inakuja haraka mno, anataka kujua kama kweli imehesabu. Ameagiza wanachama ishirini wa kwanza wakaguliwe kwa kalkuleta na daftari. Mhasibu amefika wa 14, zote zimelingana.

Mhasibu naye ana lake moja. Kwenye ukurasa wa admini mfumo unaandika "Mwanachamas", "Mkopos" na "Rejeshos", na ananiuliza ni Kiswahili cha wapi.

---

Bi Faharasa

Django akikosa wingi anaongeza s ya Kiingereza. Ndani ya `class Meta` ya kila modeli weka `verbose_name_plural = "Wanachama"`, na kadhalika.

---

Msukuma Mwenzio

Mimi mfumo wangu unaandika "Ng'ombes" tangu 2021 na mteja hajawahi kulalamika.